Siku ya Mapumziko Haina Vocha

Mama yangu alikuwa muuguzi mkunga katika hospitali moja ya wilaya huko Kusini mwa Tanzania. Nyumbani kwetu sikukuu tuliijua kwa ratiba ya zamu aliyoibandika nyuma ya mlango wa jiko. Sisi watoto tuliisoma kabla hata ya kuulizia nguo mpya. Jina lake likiangukia usiku wa kuamkia Idi, tulijua pilau litapikwa na shangazi na yeye atalikuta limepoa. Alikuwa na makubaliano ya miaka mingi na mwenzake mmoja Mkristo: mama anamshikia Krismasi na Pasaka ili aende kanisani, naye anamshikia mama Idi zote mbili. Kuna miaka makubaliano yale yalituokoa. Kuna miaka wauguzi hawakutosha, na wote wawili walikesha wodini sikukuu zote, za huyu na za yule.

Idi moja, nikiwa darasa la sita, nilitumwa nimpelekee chakula. Nakumbuka ukimya wa upande wa utawala: milango ina makufuli, dirisha la malipo limefungwa, kiti cha mlinzi kiko peke yake kivulini. Nikakata kona kuingia wodi ya wazazi na pale hapakuwa na sikukuu. Kinamama walilala wawiliwawili kitandani, wengine kwenye mikeka sakafuni. Mama alikula amesimama, sahani mkononi, jicho lake kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia. Nikamuuliza kwani leo si siku ya mapumziko ya serikali. Akasema, "Ya serikali ndiyo, mwanangu. Uchungu hauna kalenda." Akanirudishia sahani, akanawa mikono, akaingia.

Nilipokua nikawa mhasibu wa halmashauri, nikaketi nyuma ya dirisha kama lile nililoliona limefungwa. Nilikaa hapo miaka kumi na moja. Siko tena, na ndiyo maana nina nafasi ya kuandika haya.

Kila bajeti inapobana, hoja hii hurudi: nchi ina sikukuu nyingi mno, watumishi wa serikali wanalipwa kwa kulala nyumbani, zipunguzwe. Nimeisikia kwenye daladala, kwenye kikao cha bajeti, na mara moja hata msibani. Siidharau, kwa sababu wengi wanaoisema ni watu ambao hawajawahi kulipwa hata siku moja wasiyofanya kazi. Mama lishe aliyekuwa akiuza getini kwetu alipika kama sahani arobaini kwa siku ya kawaida. Nanenane ikifika, ofisi imefungwa, yeye hapiki, na mtoto wake haachi kudaiwa mchango shuleni. Alikuwa akiniambia, "Nyie mnapumzika na hela inaingia. Mimi nikipumzika sufuria inapumzika." Sina jibu la kumwambia mama yule kwamba amekosea. Sikukuu zetu za Tanzania Bara zinazidi 15 kwa mwaka ukihesabu za kitaifa na za dini, na kwake kila moja ni siku isiyo na mauzo.

Ila swali la kama serikali inaokoa fedha kwa kufuta sikukuu ni swali jingine, na hilo nililiona kwenye vitabu kwa macho yangu.

Mshahara wa mtumishi ni wa mwezi. Aprili ina Siku ya Karume, ina Muungano, na mara nyingi ina Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka. Novemba haina sikukuu ya kitaifa hata moja. Mtumishi yuleyule hulipwa kiasi kilekile Aprili na Novemba. Mishahara hutoka Hazina, inaingia benki, na hakuna mahali popote kwenye orodha ya malipo palipoandikwa "siku ya Muungano, shilingi kadhaa." Ukiifuta sikukuu hiyo kesho asubuhi, hakuna shilingi itakayobaki kwenye kasma, yaani fungu la bajeti. Siku ya mapumziko haina dokezo la kuombea fedha, haina vocha ya malipo, haina mtu wa kuisainia.

Chenye vocha ni sherehe. Na sherehe naijua vizuri, nimeilipa mara nyingi: mafuta ya malori ya kubebea watoto wa halaiki, turubai na viti vya kukodi, vyombo vya muziki, maji na soda za jukwaa kuu, chakula cha vikundi vya ngoma, fulana zenye kaulimbiu, na kamati ya maandalizi ambayo vikao vyake vina posho. Kila kimoja kina masurufu yake, yaani fedha inayotolewa kabla, na mtu wa kuyarejesha. Hapo ndipo fedha hutoka kweli, na hutoka haraka kuliko malipo mengine yoyote, kwa sababu mgeni rasmi ana tarehe na tarehe haisogei.

Kwa hiyo Novemba 2015 Rais Magufuli alipoagiza sherehe za Uhuru zisifanyike mwaka ule, sisi wa uhasibu tulielewa haraka alikuwa amegusa wapi. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu Dar es Salaam na mikoani. Desemba 9, siku ya Jumatano, tukaambiwa tuifanye siku ya usafi, na yeye mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na Ikulu na kule soko la samaki la Feri. Mimi nilizibua mtaro wa stendi pamoja na wenzangu wa idara ya fedha, nikiwa na gambuti za kuazima. Sikuona nimeonewa. Shilingi bilioni 4 zilizokuwa za sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya kutoka Morocco hadi Mwenge, kilomita 4.3, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ile anajua ni kipande gani. Mwaka uliofuata sherehe za Muungano za Aprili 26 nazo zikafutwa, fedha zaidi ya bilioni 2 zikaenda kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Mwanza. Mwaka 2018 milioni 995 za Uhuru zikaanzisha Hospitali ya Uhuru kule Dodoma. Rais Samia naye mwaka 2022 akaelekeza milioni 960 za sherehe za Uhuru zijenge mabweni katika shule za msingi zenye watoto wenye mahitaji maalumu.

Angalia kilichofutwa na kilichobaki. Jukwaa, gwaride na soda viliondoka. Siku ikabaki siku. Muungano wa 2016 watu walikaa nyumbani au wakafanya shughuli zao kama mwaka mwingine wowote, na barabara ikapata fedha yake. Wanaotaja miaka ile kama ushahidi kwamba sikukuu zilikatwa ili kubana matumizi wanachanganya vitu viwili, na mchanganyo huo si mdogo. Unampeleka mtu kuinyooshea kidole siku ya karani wa masijala wakati fedha imelala kwenye turubai.

Kuna wanaojibu kwamba hata kama hakuna fedha taslimu inayookolewa, serikali ingepata siku ya kazi zaidi kwa mshahara uleule. Kwenye karatasi hoja hii imekaa sawa. Ila waje ofisini Februari waone.

Mtumishi wa halmashauri anafanya kazi kwa vitu viwili: mshahara wake, na zile fedha za uendeshaji tunazoziita OC. Tangu katikati ya miaka ya 1990 serikali yetu hutumia kulingana na inachokusanya, na makusanyo yakilegea, mishahara na deni la taifa hutangulia. OC husubiri. Ndiyo mafuta ya gari, wino wa mashine ya kuchapia, karatasi, umeme, nauli ya kwenda kijijini. Tulikuwa na afisa ugani mmoja, kijana mwenye bidii, aliyepewa kata tatu na pikipiki moja. Alikuwa akifika saa moja na nusu, anasaini kitabu cha mahudhurio, anakuja dirishani kwangu kuuliza kama OC imeingia. Nikimwambia bado, anakaa chini ya mwembe hadi saa tisa na nusu. Ilipita robo moja ya mwaka hakwenda shambani kwa mkulima hata mara moja kwa fedha ya serikali. Safari chache alizokwenda aliweka mafuta kwa mshahara wake. Wakulima wake walikuwa na mbaazi na korosho, na wadudu hawakusubiri mgao.

Kisha mgao unaingia mwishoni mwa Mei. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Basi Juni tunalala ofisini, kila idara inakimbiza manunuzi, Jumamosi na Jumapili, hadi saa sita usiku, bila posho ya ziada. Hiyo ndiyo kalenda halisi ya mtumishi wakati bajeti imebana: miezi ya kukaa na wiki za kukesha. Ukimfutia Siku ya Mapinduzi ili Januari iwe na siku moja zaidi ya kazi, umemwongezea yule kijana siku moja zaidi chini ya mwembe. Siku za kazi tulikuwa nazo tele. Kilichokosekana ni mafuta.

Nchi nyingine zimejaribu, na kila moja imekuwa na hesabu yake. Jimbo la California, Marekani, lilipotumbukia kwenye nakisi kubwa mwaka 2009, liliondoa sikukuu mbili kwenye orodha ya siku ambazo watumishi wa jimbo hulipwa, ile ya kuzaliwa kwa Lincoln na ile ya Columbus. Lakini fedha kubwa haikuokolewa hapo. Gavana Schwarzenegger aliwalazimisha watumishi kukaa nyumbani bila malipo, kwanza Ijumaa mbili kwa mwezi, kisha siku tatu, ambayo ni karibu asilimia 14 ya mshahara. Yaani jimbo lilelile liliwanyima siku ya kupumzika yenye malipo na likawapa siku za kupumzika zisizo na malipo. Ukiliangalia kwa jicho la mhasibu, linaeleweka: ukitaka orodha ya mishahara ipungue, lazima uache kumlipa mtu. Kufuta sikukuu peke yake hakupunguzi kitu. Ureno ilifuta sikukuu nne kuanzia 2013 wakati wa madeni, ikazirudisha mwaka 2016. Denmark nayo, kuanzia 2024, imefuta siku yake kuu ya maombi iliyokuwapo tangu 1686 ili kugharimia ulinzi, na hesabu yao ilisimama juu ya kodi: watu wote nchini, wa viwanda na wa maduka, wakifanya kazi siku moja zaidi, kodi inaongezeka. Huenda kwao ni kweli. Kwetu waendesha bodaboda tayari wako kazini siku ya sikukuu, wakitafuta. Utawaongezea siku gani?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Sikukuu yenyewe ina gharama moja tu halali serikalini, nayo ni ya wale wasioipumzika. Muuguzi, mkunga, mtaalamu wa maabara, dereva wa gari la wagonjwa, mhudumu wa chumba cha maiti, mlinzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inasema mwajiriwa akifanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Ni sentensi fupi, haina kona. Kwetu ilifika dirishani ikiwa imegeuka fomu ya posho ya kiwango kimoja, inayosainiwa na msimamizi wa zamu, kisha mganga mfawidhi, kisha inakuja kwetu itafutiwe kasma.

Desemba 27 ya mwaka mmoja alikuja muuguzi aliyekuwa rika la mama yangu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja, sare bado mwilini, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Aliweka fomu mbili juu ya kaunta, ya Krismasi na ya kesho yake, na chini yake nyingine za Idi ya mwaka ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi za juu mpya. Hizi za chini nilishakuletea, nikaambiwa nirudi."

Nikafungua mfumo mbele yake, ingawa nilijua nitakachokiona. Fungu la posho za ziada lilikuwa limekwisha tangu Novemba. Kwenye ukurasa uleule, mstari mmoja chini, kulikuwa na malipo ya maandalizi ya sherehe moja ya kitaifa, yamelipwa yote, siku tatu kabla ya tarehe. Nikamwambia kasma haina fedha. Hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo turubai nayo iliambiwa irudi?"

Nikaandika chini ya kila fomu yale maneno tuliyofundishwa kuyaandika: Madai yatalipwa fedha zitakapopatikana. Nikatia sahihi na tarehe, nikampa nakala. Nimeandika maneno hayo mara nyingi kuliko jina langu. Na kila nilipoyaandika nilijua maana yake: serikali imemkopa mama huyu usiku wa Krismasi, bila kumwomba, bila riba, na bila kumwambia atalipwa lini. Bajeti ilipobana haikumbana mwenye turubai, kwa kuwa yeye angekuja kulichukua. Haikumbana karani aliyelala nyumbani kwake, kwa kuwa mshahara wake ulishatoka Hazina. Ilimbana aliyekuwa wodini.

Hilo ndilo linaloniuma ninaposikia mjadala wa sikukuu na matumizi ya serikali. Tunagombana kuhusu aliyepumzika na kumsahau aliyefanya kazi. Na watumishi wenyewe tunausaidia mjadala huo kupotoka. Mei Mosi ikikaribia, ugomvi wa kwanza kwenye idara huwa wa fulana: nani kapata, nani kapata kubwa mno, kwa nini idara ya elimu zimewafikia mapema. Ugomvi wa pili ni nyongeza ya mshahara, na huo nauelewa kabisa. Baada ya miaka kadhaa ya kusubiri, kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na Mei Mosi ya 2025 kule Singida ikatangazwa kitoke 370,000 hadi 500,000. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia nikiwa nyumbani. Lakini kwenye mabango yote niliyowahi kuandamana nayo, sikuona hata moja lililoandikwa: lipeni zamu za sikukuu za mwaka jana.

Ningekuwa bado nina kiti kwenye kikao cha bajeti ningeomba mambo machache. Zamu za sikukuu zinajulikana. Tarehe nyingi ziko kwenye kalenda miaka yote, na idadi ya wauguzi wa usiku katika kila wodi inajulikana. Basi fedha yake itengwe Julai na ifungwe, asiiguse mtu kwa mafuta ya msafara wala kwa viti. Halmashauri isilipe hata shilingi ya sherehe kabla madai ya sikukuu iliyopita hayajafutwa kwenye daftari. Na uamuzi wa kufuta sherehe, kama upo, utolewe mapema, kabla turubai halijalipiwa nusu, maana nusu hiyo hairudi. Nimeifuatilia mara mbili na haikurudi.

Mapumziko yenyewe yaachwe. Karani wa masijala aliyesubiri nyongeza ya mshahara kwa miaka, anayekesha Juni bila posho, ana siku chache anazoweza kwenda kumwona mama yake kijijini bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ukimnyang'anya hizo kwa jina la kubana matumizi, umemwondolea kitu cha thamani na Hazina haijapata chochote mkononi.

Mama alistaafu miaka michache iliyopita. Asubuhi ya Idi bado anaamka saa kumi, anatia chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa, anafunga maandazi kwenye kitambaa, ananituma wodi ya wazazi kuwapelekea waliokesha. Hajui majina yao sasa, wengi ni mabinti wapya. Idi iliyopita nilikwenda. Utawala makufuli, kiti cha mlinzi kivulini. Aliyenipokea chupa alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, macho mekundu kwa usingizi. Alinitazama kidogo, akaniuliza kama si mimi niliyekuwa uhasibu, dirisha la pili. Nikamwambia ndiye mimi, lakini niliacha.

Akafuta mikono, akatoa simu, akanionyesha picha tatu alizopiga za fomu zake: Krismasi, Desemba 26, Mwaka Mpya. Aliomba nimsomee maandishi ya chini, hayakutoka vizuri. Mwandiko ulikuwa wa mtu nisiyemfahamu. Maneno yalikuwa yangu.